Mdahalo wa wagombea unambadilisha nani, na unambadilisha lini?

Kila ukitangazwa mdahalo wa wagombea huwa naona watu wanagawanyika pande mbili hata kabla wagombea wenyewe hawajapanda stejini. Upande mmoja wanasema leo ndo leo, anayeteleza leo kwisha habari yake. Upande wa pili wanasema acheni kujichosha, watu walishaamua siku nyingi, hapo mnaenda kuangalia burudani tu. Mimi hili jambo nalifuatilia kwa muda sasa, nasoma tafiti, narudia kutazama midahalo ya zamani, na kitu kilichonikamata ni kwamba pande zote mbili zina ushahidi, tena sio ushahidi wa maneno ya mtaani, ni ushahidi wenye namba. Kwa hiyo swali linakuwa inawezekanaje wote wawe sahihi kwa wakati mmoja.

Tuanze na wale wa "burudani tu". Kuna watafiti wawili, Caroline Le Pennec na Vincent Pons, walichukua takwimu za chaguzi 62 katika nchi 10 kuanzia mwaka 1952, majibu zaidi ya laki mbili na nusu ya watu waliohojiwa kabla ya kura alafu wakahojiwa tena baada ya kura. Yaani unamuuliza mtu utampigia nani, anakutajia, uchaguzi ukiisha unarudi kumuuliza ulimpigia nani, unalinganisha. Wakakuta kati ya asilimia 17 na 29 ya wapigakura wanakuja kufanya uamuzi ndani ya miezi miwili ya mwisho ya kampeni. Hao sio watu wa kupuuza hata kidogo, kuna chaguzi zinaamuliwa kwa tofauti ya asilimia moja. Ila walipoangalia kama midahalo ya TV ndo inayowasogeza hao watu, hawakuona kitu. Ukiangalia siku za kabla ya mdahalo na siku za baada yake, mambo yanaenda kwa mwendo uleule, hakuna mruko.

Sasa shika hilo vizuri, twende Sierra Leone mwaka 2012. Kule Kelly Bidwell, Katherine Casey na Rachel Glennerster walifanya jaribio ambalo mpaka leo naona ni moja ya kazi nzuri kabisa kwenye eneo hili. Katika majimbo 14 wagombea ubunge waliwekwa meza moja wakajibu maswali, ikarekodiwa video, alafu wakachukua vituo vya kupigia kura 224, nusu yake wakapeleka hizo video zikaonyeshwa hadharani na nusu nyingine hawakupeleka. Nani apelekewe na nani asipelekewe iliamuliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema labda walichagua vijiji vya watu wenye msimamo fulani. Siku ya kura ikafika. Kwenye vituo vilivyoonyeshwa video, yule mgombea aliyeonekana kufanya vizuri kwenye mdahalo aliongeza kama pointi 5 za asilimia. Na hii ni nchi ambayo vyama viwili vikubwa, APC na SLPP, vina ngome zake za kikabila na za kimaeneo zilizokomaa miaka na miaka, ni mahali ambapo mtu yeyote angekuambia hapa mdahalo haugusi kitu.

Kwa hiyo mdahalo haubadilishi chochote, na mdahalo unabadilisha kura. Ukiziangalia hizo tafiti mbili kwa haraka unaweza kusema mmoja kakosea, lakini ukikaa nazo unaona zinaongea lugha moja. Angalia wale wapigakura walikuwa wanajua nini kabla. Mgombea urais kwenye nchi yenye TV kila nyumba, mpaka siku ya mdahalo ameshaonekana kwenye habari kila siku kwa mwaka mzima, mabango yake yamejaa kila kona, mke wake unamjua, kikohozi chake unakijua. Lile saa moja na nusu la mdahalo ni tone kwenye ndoo ambayo tayari imejaa. Mgombea ubunge wa kule kijijini Sierra Leone kuna watu walikuwa hawajui hata jina lake, wanajua chama tu, na hiyo video ndo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijieleza. Hapo tone limeingia kwenye ndoo tupu.

Hiyo ndo kanuni ambayo mimi naishikilia, kwamba nguvu ya mdahalo inapimwa kwa ukubwa wa kile ambacho mpigakura alikuwa hakijui. Ukishaipata hiyo mambo mengi yanayoonekana ni ya ajabu yanaanza kukaa sawa.

Mfano ndani ya chama. Wakati wa mchujo, wagombea wote ni wa chama kimoja, sera zinafanana, rangi ni ileile, na wengi wao hawajulikani. Ile kinga ya "huyu ni wetu yule ni wao" haipo. Ndo maana midahalo ya mchujo inapandisha na kushusha watu kuliko ile ya fainali, na ndo maana mgombea wa chama kidogo anapigania kufa na kupona apate kiti kwenye mdahalo wakati yule mkubwa anatafuta sababu ya kutokwenda. Kila mmoja anajua hesabu yake, huyu ana kila kitu cha kupata na yule ana kila kitu cha kupoteza. Ufaransa mwaka 2002 Jacques Chirac alikataa kabisa kukaa mdahalo na Jean-Marie Le Pen kwenye duru ya pili, na akashinda kwa zaidi ya asilimia 82. Kenya mwaka 2017 Raila Odinga alisimama stejini peke yake kwa sababu Uhuru Kenyatta hakwenda, alafu mwaka 2022 William Ruto naye akajikuta peke yake kwa sababu safari hii Raila ndo hakwenda. Sisemi kwamba kutokwenda ndo kuliamua kitu, sina ushahidi wa hilo na siamini hivyo. Nachosema ni kwamba wanaojulikana sana huwa wanaona mdahalo hauwaongezei kitu, na kwa hesabu baridi mara nyingi wako sahihi, ingawa kwa mpigakura ni hasara, maana ananyimwa nafasi ya kuwaona wakibanwa.

Sasa turudi kwa mtu mmoja mmoja, maana kura haibadilishwi na asilimia, inabadilishwa ndani ya kichwa cha mtu.

Niliwahi kukaa kutazama mdahalo na mjomba wangu, mtu mwenye mgombea wake, hataki kusikia la mtu. Mgombea wake akaulizwa swali la mikopo ya serikali, italipwaje. Akazunguka, akaanza kuhadithia alivyolelewa na mama yake, akarudi, akakatishwa, akarudia swali badala ya kulijibu. Mjomba palepale akasema hilo swali limetungwa la kumtega, mwendesha mdahalo ana upande. Mdahalo ulipoisha tukabishana kidogo, akasema mtu wake kashinda tena kwa mbali, akaenda kulala. Ungemhoji usiku ule ungeandika kwenye fomu "hajabadilika". Baada ya kama wiki mbili tumekaa tunaongea mambo mengine kabisa, ghafla akaniuliza, "Mpwa wangu, hivi lile jibu la mikopo wewe ulilielewa?" Nikamwambia sikulielewa mjomba. Akanyamaza. Hakuniambia alimpigia nani na sikumuuliza, sio adabu, lakini lile swali lilikuwa limeingia ndani na lilikuwa halijatoka.

Ndo jinsi akili inavyofanya kazi kwa mtu mwenye upande. Kitu cha kwanza ni kujilinda, anatafuta kosa kwa aliyeuliza, kwa muda waliopewa, kwa maiki. Ndo maana ukiwauliza watu nani kashinda mdahalo wengi wanakutajia yule waliyekuwa wanamtaka tangu asubuhi, na ndo maana mimi siamini sana yale majibu ya haraka ya "nani kashinda" yanayotolewa dakika kumi baada ya taa kuzimwa. Mtu anabadilika polepole, tena akiwa peke yake, pasipo mtu wa kumwambia "si nilikwambia".

Na kinachobadilika chenyewe ni kitu gani? Hapa utafiti wa zile chaguzi 62 una jambo lingine ambalo watu wengi wanalipita haraka. Misimamo ya watu kuhusu sera haikusogea kampeni nzima. Aliyetaka kodi ipunguzwe aliendelea kutaka ipunguzwe. Kilichosogea kwa wale waliobadilisha kura ni vitu viwili, lipi ni jambo kubwa zaidi kwao kwa sasa, na wanamwonaje mgombea kama mtu. Kwa hiyo yule mgombea anayepanda stejini akidhani atamshawishi mtu aache imani yake kuhusu afya au ardhi anapoteza muda. Anayejua kazi anafanya kingine, anahamisha taa. Anachukua jambo ambalo wewe ulishalikubali, analiweka mbele, alafu anakuacha ujiulize nani analiweza. Ronald Reagan alifanya hivyo tarehe 28 Oktoba 1980 kwenye mdahalo na Rais wa Marekani Jimmy Carter, aliwauliza watazamaji kama hali yao ni nzuri kuliko ilivyokuwa miaka minne nyuma. Hakuwafundisha kitu kipya, kila mtu alijua mfuko wake ulivyo. Aliwapa kipimo cha kupimia. Na ilibaki wiki moja tu kupiga kura, kwa hiyo Carter hakuwa na muda wa kuwapa kipimo kingine.

Kuna utafiti mwingine wa Ghana, wa Sarah Brierley, Eric Kramon na George Ofosu, nao unanipa matumaini. Watu walionyeshwa mdahalo wa wagombea ubunge, na waliotazama waliwaona wagombea vizuri zaidi, hasa wale ambao mwanzo walikuwa hawawapendi. Fikiria hilo. Sio kwamba walihama chama, ila yule "wa wao" aliacha kuwa jini, akawa mtu anayeongea na kueleza mipango yake. Mimi naona haya ni mabadiliko hata kama hayaonekani kwenye sanduku la kura mwaka huohuo, kwa sababu kura ya kesho inaanzia hapo.

Alafu kuna suala la macho. Hadithi ya 26 Septemba 1960 kule Chicago wengi mmeisikia, John F. Kennedy na Richard Nixon, mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Marekani kwenye TV, watazamaji kama milioni 70. Nixon alikuwa ametoka hospitali, goti lilikuwa limemsumbua wiki kadhaa, uzito umepungua, shati limekuwa pana shingoni, suti ya kijivu ikafanana na ukuta wa nyuma yake. Taa za studio zikampata, jasho likaanza kutoka kidevuni, anajifuta na kitambaa huku kamera inamwangalia. Kennedy kakaa pembeni na suti nyeusi, katulia. Kuanzia hapo ikasambaa kauli kwamba waliosikiliza redioni waliona Nixon kashinda na waliotazama TV waliona Kennedy kashinda. Ila ushahidi wa wakati ule wa hiyo kauli ni dhaifu, wasikilizaji wa redio waliohojiwa walikuwa wachache, na huenda walikuwa watu wa aina tofauti na watazamaji wa TV. Kwa hiyo ukiisikia inasimuliwa kama hesabu iliyothibitishwa, punguza kasi. Lakini mwaka 2003 mtafiti James Druckman alichapisha jaribio ambalo aliwachukua watu ambao hawakuwa na kumbukumbu ya ule mdahalo, wengine wakasikiliza sauti tu wengine wakatazama, na waliotazama walielekea zaidi kumpa Kennedy ushindi, tena walipima zaidi haiba ya mtu. Kwa hiyo picha inafanya kazi kweli, inakupeleka kumpima mtu kwa namna anavyoonekana kuliko kwa anachosema. Na usidhani ni mambo ya watu wasiosoma, waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mimi ndo inaniuma zaidi. Mpigakura mara nyingi habadilishwi na mdahalo, anabadilishwa na kile anachoambiwa kuhusu mdahalo.

Tarehe 6 Oktoba 1976 Rais Gerald Ford akiwa mdahaloni na Carter alisema Wasovieti hawaitawali Ulaya Mashariki. Mwandishi aliyemuuliza alishangaa mpaka akamrudishia swali, Ford akashikilia palepale. Waliohojiwa usiku uleule, wengi hawakuliona kama tatizo, na Ford hakuonekana ameshindwa vibaya. Kesho yake vyombo vya habari vikalishika lile jibu, likarudiwa na kurudiwa, na waliohojiwa baada ya hapo wakawa wanasema kwa wingi mkubwa Carter kashinda. Mdahalo ni uleule, maneno ni yaleyale, kilichoongezeka ni saa ishirini na nne za kuelekezwa ni wapi pa kuangalia.

Brazil mwaka 1989 ilikuwa mbaya zaidi. Wagombea urais Fernando Collor na Lula walikaa mdahalo wa mwisho siku chache kabla ya duru ya pili, alafu Globo, kituo kikubwa kuliko vyote, kwenye taarifa yake ya habari ya usiku kikarusha vipande vilivyokatwa kwa namna iliyombeba Collor, akapewa muda zaidi na maneno yake bora, Lula akawekewa pale alipojikanganya. Collor akashinda. Kama ushindi ulitokana na vile vipande hakuna anayeweza kukupa hesabu kamili, ila Wabrazili wanaujadili mpaka leo, na wana haki. Leo kazi ile haihitaji kituo cha TV, mtu mmoja na simu anakata sekunde kumi na tano anarusha kwenye magrupu, na wanaoona klipu ni wengi kuliko waliokaa saa moja na nusu. Klipu haina swali lililoulizwa, haina jibu la mwenzake, ina kicheko tu na maandishi mekundu juu.

Hata ndani ya mdahalo wenyewe tunaambiwa cha kufikiri bila kujua. Uingereza mwaka 2010 kulikuwa na kale kamstari kanachotambaa chini ya skrini kanaonyesha kundi dogo la watu wanavyopenda au kuchukia kinachosemwa. Watafiti wakawachukua watu 150, wakawaonyesha mdahalo wa mwisho ukiwa na kamstari cha uongo, kundi moja kanambeba Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati ule, na kundi lingine kanambeba Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats. Maoni ya watazamaji kuhusu nani kashinda yakafuata kamstari, na hata ya nani anafaa kuwa waziri mkuu. Vicheko na makofi ya ukumbini yanafanya kazi hiyohiyo, ukisikia watu wamecheka unadhani wewe ndo umechekeshwa.

Huyohuyo Clegg anatufundisha kingine, suala la muda. Kabla ya mdahalo wa kwanza wa tarehe 15 Aprili 2010 Waingereza wengi hawakumjua vizuri, ndoo tupu ile ile niliyosema. Akafanya vizuri sana, chama chake kikaruka mpaka baadhi ya tafiti za maoni zikakipa zaidi ya asilimia 30. Tarehe 6 Mei kura zikahesabiwa, kikapata asilimia 23 na kupoteza viti, kutoka 62 mpaka 57. Zile wiki tatu zilitosha watu kujaza ndoo kwa vitu vingine, magazeti yakamchimba, wapinzani wakamkamia. Mitt Romney naye, mgombea urais wa Marekani, alimzidi Rais Obama wazi kwenye mdahalo wa Denver Oktoba 2012, akapanda, alafu akashindwa uchaguzi. Mtu akisogezwa na usiku mmoja mzuri bila kuwa na kitu kingine cha kumshikilia, anarudi alikotoka.

Lakini kuna pale ambapo harudi, nayo ni pale mdahalo unapothibitisha shaka ambayo tayari ilikuwepo. Nixon na jasho lake, watu wangesahau. Rais George H. W. Bush alipotazama saa yake mkononi tarehe 15 Oktoba 1992 wakati raia anauliza deni la taifa limewagusa vipi wao wagombea binafsi, kile kitendo kisingekuwa na maana yoyote kama watu hawakuwa tayari wanasema huyu hatujali. Joe Biden tarehe 27 Juni 2024 kule Atlanta aliingia stejini wakati Wamarekani wengi walishakuwa na wasiwasi na umri wake, akakwama katikati ya sentensi, sauti haitoki, na tarehe 21 Julai akajitoa. Reagan mwaka 1984 akiwa na miaka 73 alikuwa na shaka ileile juu yake baada ya mdahalo wa kwanza kumwendea vibaya, akarudi kwenye wa pili na utani wake kwamba hatautumia ujana na uzoefu mdogo wa mpinzani wake kisiasa, mpaka Walter Mondale mwenyewe akacheka, na ile shaka ikatulia. Kwa hiyo ukitaka kujua mdahalo ujao utagusa wapi, usiangalie sera zao, sikiliza watu wananong'ona nini juu ya kila mgombea wiki moja kabla.

Na mwisho kuna mabadiliko ambayo karibu hakuna anayeyataja kwa sababu wote tunamtazama mpigakura. Kule Sierra Leone, wagombea walipogundua ni maeneo gani video zimeonyeshwa, waliongeza nguvu za kampeni hukohuko, wakaenda wenyewe, wakatumia zaidi. Walijua pale watu wamewasikia na wanaweza kuwauliza. Na baada ya uchaguzi, wabunge walioshinda wakiwa wamepitia ule mdahalo walitumia fedha nyingi zaidi za maendeleo majimboni mwao na walijishughulisha zaidi na wapigakura wao kuliko wale ambao hawakupitia mdahalo. Ahadi ziko kwenye video, kijiji kizima kimeziona, na mbunge anajua kwamba kimeziona.